Kishindo Chumbani kwa Mjane

Mdogo wangu alinipigia simu akinong'ona. "Kaka, njoo. Wanasema naingiza mwanaume ndani." Nyuma yake nikasikia mlango ukisukumwa, kisha simu ikakatika.

Wakati huo nilikuwa Songo Songo, nawapikia mafundi waliokuwa wakijenga madarasa. Tangu nimalize sekondari nimepika kwenye kambi nyingi, Tunduru, Makambako, Mtwara, popote palipo na sufuria kubwa na watu wasionijua, na sijakaa mahali hata nikauzoea mlango. Lakini huyu ndiye niliyembeba mgongoni kule Milola mama akiwa shambani. Akilia, namwimbia. Akinyamaza, nageuza shingo kuona kama amelala. Nikiwa ugenini, hilo ndilo ninalolikumbuka mara nyingi kuliko vyote: uzito wake, na jasho lake likinilowesha mgongo.

Sasa alikuwa mjane na alikuwa anakaa eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hatoki nje, hajipambi, hasemi na wanaume wasio maharimu wake, mpaka miezi yake iishe. Kusema mwanamke wa namna hiyo ana mgeni wa usiku ni kumzika kando ya marehemu. Angetolewa nyumbani kwa mumewe kabla ya eda kwisha, arudishwe Milola na begi lake, na kule habari ingekuwa imeshafika kabla yake.

Nikapanda boti ya asubuhi.

Nyumba yao iko Kilwa Kivinje. Ina ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na haina dari. Viambaza vinaishia juu kidogo ya kimo cha mtu, na kutoka hapo ni hewa tupu mpaka kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha mbele, aliye chumba cha nyuma anamwambia pole.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa uani anamenya mihogo. Hakusimama.

"Shemeji! Karibu. Umekuja kumchukua au umekuja kumlinda?"

"Nimekuja kumsalimia."

"Msalimie mchana huu huu. Usiku ana watu wake."

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, anapukuchua kunde. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza habari za safari na za watoto ambao sina. Kisha akamwambia binti yake anyamaze, lakini alivyomwambia ni kama mtu anayemfukuza kuku ambaye hana shida naye.

Mdogo wangu nilimkuta chumbani, kajifunga shuka jeupe, kakonda. Na chini ya kitanda walikuwamo waliomletea balaa: sungura wawili, majike, mmoja mweupe na mmoja wa kijivu, wananitazama huku pua zinacheza.

Marehemu ndiye aliyewaleta kutoka Lindi mjini, ndani ya boksi la sabuni. Aliwajengea banda uani, lakini asubuhi moja akakuta nyayo za fungo zimezunguka banda lote, akawaingiza chumbani wanakolala yeye na mkewe, na hawakutoka tena. Mtoto hawakujaliwa. Wale sungura wakawa ndio wanaopanda kitandani bila kuitwa na kutafuna ndala za mwenye nyumba. Walikuwa na vurugu usiku, mdogo wangu alinieleza, ila marehemu alikuwa akiguna tu na kugeukia upande wa pili.

Mama mkwe na wifi hawakuwahi kulala katika nyumba ile kabla ya msiba. Wao ni watu wa vilima vya Umatumbi. Walishuka kuzika, wakabaki kuangalia eda ya mkwe wao isiende kombo.

"Hukuwaambia ni sungura?" nikamuuliza.

"Nimewaambia. Wamecheka mpaka wakakaa chini."

Wifi, aliyekuwa ng'ambo ya kiambaza, alijibu kama aliyeulizwa yeye. "Sungura ana viatu? Mimi nimekula sungura wa porini tangu sina meno. Sijamsikia hata mmoja akitoa mlio. Mnyama kazi yake kujificha, leo apige kishindo kama polisi?"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lao, na sikuona namna ya kulisahihisha kwa maneno. Sungura waliyemjua wao ni yule wa kichakani, anayekimbia bila hata kutikisa jani. Huyu wa kulala ndani ya nyumba hawakumjua.

Usiku ule nilitandika mkeka ukumbini nikasikiliza. Kweli, kama nisingejua ningeamini. Kwanza *du*, mguu wa nyuma umepiga sakafu ya saruji. Kimya. *Du, du.* Kisha bakuli la bati likaburutwa kama mtu anavuta beseni la kuogea. Kisha mmoja akarukia kitandani na kamba zikalia. Kisha meno kwenye tendegu, krr, krr, krr, kitanda kizima kikitetemeka.

Sauti ya wifi ikatoka gizani, tamu kabisa: "Mama, umesikia? Wamemaliza. Sasa wanajitawaza."

Kutoka chumbani kwake nikamsikia mdogo wangu anaziba kilio kwa mto.

Asubuhi nikaanza kazi. Makambako niliwahi kupanga kwa mama mmoja aliyekuwa akifuga sungura jikoni, na yeye ndiye aliyenifundisha. Sungura wa ndani hulala mchana na kuamka jua likizama, na asipochoka jioni atakuchosha wewe usiku. Kwa hiyo kila magharibi nilifunga mlango wa chumba, nikawaacha wakimbie huku nawachokoza kwa ufagio wa chelewa mpaka walale ubavu. Chakula cha asubuhi nilikipunguza, nikawapa rundo la nyasi na matembele baada ya isha, wapate cha kufanya gizani. Bakuli la bati nilibadilisha nikaweka chungu kizito cha udongo. Sakafu nikatandika magunia. Kwenye tendegu nikafunga tawi bichi la mpera wawe wanatafuna hilo.

Halikuwa jambo la siku moja. Lakini kishindo kikapungua, kikawa cha hapa na pale, halafu usiku mmoja nikasikia mama mkwe akisafisha koo, popo kwenye bati, na basi. Mdogo wangu alilala mpaka adhana. Nikaanza kufikiria boti ya kurudi.

Wifi alikuwa ananisubiri uani.

"Shemeji, hongera. Umelala vizuri?"

"Nimelala."

"Sisi pia. Nyumba imetulia kama msikiti." Akalitupa ganda la muhogo. "Kaka kaja, hawara kakimbia. Kumbe alikuwa anajua kuogopa."

Nikamtazama mama mkwe. Mpaka siku ile mama yule alikuwa hajasema kitu juu ya jambo hili, alikuwa kama mtu anayepima. Safari hii akaiweka sinia ya kunde chini.

"Mwanangu," akaniambia, "sungura wako si bado wamo mle ndani?"

"Wamo, mama."

"Wazima?"

"Wazima."

"Basi mbona kelele zimekwisha?"

Nikamweleza magunia, tawi, nyasi za usiku. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mwongo aliyejiandaa. Hata mimi, kama ningeambiwa kwamba mwanaume ameondolewa kwa tawi la mpera, ningecheka. Mama hakucheka. Akamwambia binti yake awapigie simu wazee wa ukoo waje kuliamua jambo hili baada ya swala ya Ijumaa.

Mdogo wangu alikuwa amesikia yote. Nilipoingia nilimkuta ameshaanza kuyakusanya magunia.

"Rudisha kelele," akasema.

"Unafanya nini?"

"Nenda kamwambie mama aje alale humu. Na wifi naye. Wawe macho. Wasikie kwa masikio yao, na mlango ufungwe."

Wakakubali, wifi kwa furaha kama anakwenda ngomani. Alhamisi baada ya isha wakaingia na mikeka yao. Mimi sikuweza kulala chumba kimoja nao, nikabaki ukumbini nje ya mlango, na yote yaliyofuata niliyasikia kwa juu ya kiambaza. Taa ya ndani haikuzimwa.

Hapakuwa na kitu. Sungura wamenusa wageni, wamejikunyata chini ya kitanda, hawali, hawasogei. Tulikaa na kukaa. Mama mkwe alikuwa akivuta uradi polepole. Wifi alipiga mwayo, akapiga mwingine kwa makusudi.

"Wifi yangu, hebu mwite basi. Au mpaka tuondoke sisi ndiyo aje?"

Akajigeuza mkekani.

"Maskini. Tumbo halikuzaa, ukaletewa panya wenye masikio. Sasa hata nao wamekukana."

Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia mti wa chandarua unang'olewa kwenye tendegu. Sikuelewa mpaka nilipousikia unagonga saruji chini ya kitanda, halafu unagonga kitu kisicho saruji.

*Du!* Mguu wa nyuma. *Du, du, du!* Walikuwa wanakimbia sasa, wanagonga ukuta, wanagonga mlango karibu na kichwa changu, na kila wakisimama wanapiga sakafu. Chungu kikapasuka. Nyumba nzima ilikuwa inapiga kama kinu.

"Basi, mwanangu," mama mkwe akasema. "Nimesikia."

"Bado, mama. Wifi hajasikia."

"Nimesikia jamani, nimesikia!"

"Umesikia nini?"

"Sungura!"

"Sema kwa nguvu. Majirani walisikia yale ya mwanzo, na hili walisikie."

Mti ukashuka tena. Na hapo ukatoka mlio ambao wifi alisema hajawahi kuusikia, wala mimi sikuwa nimewahi. Mwembamba, mrefu, kama mtoto mchanga aliyefinywa.

"Ni sungura!" wifi akapiga kelele. "Ni sungura! Wallahi ni sungura!"

Nikasikia mdogo wangu anahema.

"Kaka," akaita. "Njoo na kisu."

Yule mweupe alikuwa anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma imelala upande. Wa kijivu alikuwa kona, kageukia ukuta. Mama mkwe alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni. Nikambeba mweupe mpaka uani, nikamchinja angali na roho, ili awe halali.

Ijumaa wazee wakaja, wakaketi barazani. Mama mkwe hakuwaachia nafasi ya kuuliza. Akasema mkwe wake ni msafi, amelala naye chumba kimoja, amejua kishindo ni cha nini, na atakaa humu mpaka eda yake iishe na baada ya hapo akitaka. Wakamgeukia wifi. Akasema vivyo hivyo, akiangalia miguu yake. Wakasoma Fatiha, wakaulizia chakula.

Sungura yule alikuwa ameungwa kwa nazi. Wifi mwenyewe ndiye aliyemuunga. Alipakua kwanza ya wazee, kisha akaipeleka sahani chumbani kwa mjane, na mimi nilikuwamo.

"Kula, wifi yangu. Mtamu kuliko wa porini."

Mdogo wangu aliiangalia sahani.

"Huli? Au unamlilia?" Wifi akaegemea mlango. "Kaka yangu hukumlilia hivyo."

Nilitaka kuitwaa ile sahani. Mdogo wangu akaniwahi. Akanawa, akakata tonge la wali, akalichovya, akala. Akachukua nyama. Akala polepole, haruki hata mfupa, macho yake usoni kwa wifi, mpaka mchuzi ukaisha.

"Ndimu haijakolea," akasema.

Wifi akaipokea sahani. Kabla hajatoka aliigeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua mifupa, kama anayetafuta kipande kilichobaki.