Wanaume Kumi na Mmoja na Losheni Yangu ya Jua

Jumatatu moja nilifika saiti nikakuta wanaume kumi na mmoja wamekaa kivulini, nyuso nyeupe pee.

"Nani kaiba losheni yangu?" nikauliza.

"Losheni gani?" wakajibu wote kwa pamoja.

Jamani!

Mimi ni fundi rangi, na nina ualbino. Kuta za nje napaka mimi, juani kutwa. Mwaka jana daktari alinikata kipande cha sikio kwa sababu ya jua, akasema losheni ya zinki isinikose hata siku moja. Kliniki wananipa kopo moja kwa mwezi. La mwezi ule lilitoweka Ijumaa kwenye mfuko wangu wa brashi.

Kwa hiyo asiniambie mtu nipunguze hasira.

"Mna wazimu? Mnataka nikatwe sikio la pili pia?"

Fundi bomba akakohoa kidogo. "Dada, tumepiga hesabu. Wewe unajipaka hii kila siku, na wewe ni mweupe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na sisi tunasubiri."

Mungu wangu.

"Nimezaliwa hivi, wehu nyie! Zinki ni unga wa madini. Unakaa juu ya ngozi, unazuia miale mikali ya jua isipenye. Haibadilishi mtu rangi. Weupe mnaouona ni ule unga. Kanaweni!"

Wakaenda kunawa, fundi bomba mbele. Akarudi mweusi tii, machozi yanamlenga.

"Na nilishawaambia wakwe," akasema.

"Nani kawadanganya?"

Vidole vyote vikamwelekea msimamizi wetu. Yeye peke yake hakwenda kunawa. Nikamvuta nyuma ya stoo ya saruji.

"Kopo nilichukua mimi," akakiri. "Wakanifuma nikijipaka, nikaona nitunge uongo, nikasema inang'arisha. Wakataka mgao."

"Wewe ulitaka ya nini, bosi?"

Akavua kofia. Katikati ya upara palikuwa na kidonda kibichi, kingo zake zimevimba.

"Kina miezi mitano. Mtu mweusi kama mimi, niseme jua limeniunguza? Watanicheka mpaka nihame."

Hasira yote ikaniishia. Niliogopa kweli. Vidonda vya namna ile nimeviona kwenye foleni ya kliniki, na wenzangu wengine sikuwaona tena.

"Losheni inakinga tu, bosi. Haitibu. Vua ovaroli twende."

Alibisha njia nzima. Wiki hiyohiyo daktari akakikata, kikapimwa, kikakutwa ni saratani. Ila tuliiwahi.

Mimi nilipaka vyumba vya ndani mpaka kopo jipya lilipopatikana. Bosi naye akapewa losheni yake, na anajipaka upara mzima, hana kiasi. Juzi mwenye jengo alikuja kukagua, akamwona, akanigeukia kwa ukali.

"Fundi, mbona unamwagia watu rangi?"

Saiti nzima ilikaa chini kwa kicheko.

Ndugu yangu unayesoma, kama una kidonda kimegoma kupona, kakionyeshe leo. Usikifiche chini ya kofia. Tutakucheka, sikudanganyi. Mimi bosi nilimcheka wiki nzima, tena mbele yake, na yeye yupo hai ananitukana.