Mkono wa Mchinjaji

Watu wakisikia niliishi Dubai huniuliza habari za maghorofa na dhahabu. Nilikaa huko karibu miaka saba, na sehemu kubwa ya ninayoyakumbuka ni tope. Arbab wangu, yaani bwana aliyeniajiri, alikuwa na kipande cha ardhi pwani, mwendo wa saa moja na nusu nje ya mji, penye kinamasi, mikoko na madimbwi ya maji ya chumvi. Msimu wa baridi bata mwitu walishukia hapo wakitoka kaskazini, na wengine arbab aliwafuga mwenyewe kisha akawaachia. Alipenda kuleta wageni wawinde kwa siku mbili, walale kwenye mahema yenye mazulia, na wale walichopiga. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari, kupanga bata wa plastiki majini ili wavutie walio hai, na kuingia topeni kuokota walioanguka. Nyumbani Kitale niliwaambia niko kwenye utalii.

Kiongozi wa wageni alikuwa mzee mmoja wa Unguja. Alikuja Ghuba akiwa kijana, na wakati ninaousema alikuwa ameshapita sitini. Alikunja kanzu yake hadi magotini, akavaa buti za mpira, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Ndiye aliyewaonyesha wageni mahali pa kujificha na wakati wa kufyatua. Ndiye pia aliyekuwa mchinjaji, na kwa arbab hilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Bata akishapigwa marisau lazima afikiwe angali hai, ataje mtu jina la Mungu, ampitishie kisu. Akifa kabla ya kisu ni kibudu, haliwi. Wako wanaosema kutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua kunatosha, ila arbab hakutaka hata kulisikia. Wala hakutaka mkono wangu, kwa kuwa mimi ni Mkristo. Mimi niliokota, mzee akachinja.

Shida ilikuwa macho. Mtoto wa jicho alimshika pande zote mbili, na operesheni aliiogopa kuliko upofu wenyewe. Kuongoza bado aliweza. Kumwona bata alipoangukia ndiko kulikomshinda.

Wakati huo wikendi ilikuwa bado Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi moja ya Januari arbab alileta marafiki zake wanne. Upepo ulikuwa mbaya, mbingu imevaa vumbi, na mimi nilikuwa na mafua na hasira za bure. Jioni, kabla ya Magharibi, wakaanza kupiga. Walikuwa na shabaha, hilo siwezi kuwanyima. Bata walianguka mbali, ng'ambo ya mikoko. Niliwaona mimi, mzee alisikia tu kishindo cha maji. Nilikimbia, nikazama hadi mapajani, nikamnyanyua mmoja na kurudi naye kifuani huku nausikia moyo wake ukipiga. Nilipomfikisha kwa mzee ulikuwa umenyamaza.

Mzee alimpapasa, akamweka kando. "Kibudu huyu. Tupa."

Jioni ile tulitupa sita. Arbab alisimama akiiangalia ile mizoga ya bata mbele ya wageni wake, na nikaona jinsi alivyoaibika. Alitusemesha kwa Kiarabu kilichochanganywa na Kiingereza cha kuokoteza, lakini maana ilifika vizuri.

"Kesho mkinifanyia hivi tena, khalas. Nitatafuta mtu mwenye macho."

"Inshallah, arbab," mzee akajibu. "Kesho itakuwa kheri."

Tulipokuwa tunasugua buti aliniambia, "Mwanangu, n'kirudishwa Unguja n'tafikia kwa nani? Wenzangu wote wameshatangulia." Kibali chake cha kuishi kilikuwa chini ya arbab, cha mkewe kilining'inia kwenye chake, na chumba chao cha Bur Dubai walikikalia miaka mingi kuliko umri wangu. Unguja alibakiwa na makaburi. Aliyasema haya huku akicheka, na kicheko kile kiliniudhi sana. Mtu akicheka penye kulia mimi humkasirikia, kwa sababu ananiachia mimi kazi ya kulia.

Ijumaa alfajiri tukarudi majini. Bata wa kwanza na wa pili walifika wakiwa hai, mzee akawachinja. Wa tatu alinifia mikononi. Nilikuwa nyuma ya mikoko, hakuna aliyeniona. Nikachomoa kisu changu cha kukatia kamba za bata wa plastiki, nikamkata shingo. Damu ilitoka kwa uvivu, kidogo tu. Nilipofika kapuni nikampaka damu ya mwenzake, nikamtia pamoja na wale wa mzee. Asubuhi ile nilifanya hivyo mara tatu, na sikuhisi kosa lolote. Kwetu kuku akigongwa na baiskeli, mama hukimbia na kisu, na jioni tunakula kuku. Niliona nimemwokoa mzee, tena nimemwokoa kwa bei rahisi.

Arbab alichungulia kapu akafurahi. Alimpiga mzee begani, akamwambia amerudi ujanani. Mzee naye akachangamka, akawa anaimba kaswida kwa sauti ya chini huku akikatakata vitunguu. Nilijisifu kimoyomoyo. Mpaka leo nikikumbuka kule kujisifu natamani kujipiga kofi.

Aliyepika ni mzee. Tulinyonyoa pamoja, nikakata vipande, nyama ikaingia sufuriani na mchele, mdalasini na ndimu kavu. Shingo na miguu alivitenga kwa ajili ya supu yetu sisi wafanyakazi. Wageni na arbab walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa kwenye msikiti wa barabarani. Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akizisafisha zile shingo moja moja kwa vidole. Kisha akaacha kuimba.

"Huu mkono si wangu," akasema.

Nilijifanya nachochea moto.

Yeye alipochinja alipitisha kisu mara moja tu, chini kidogo ya fundo la koo, na mkato wake ulikuwa laini. Wangu ulikuwa wa kukereza, juu juu, wa mtu mwenye haraka. Alizigusa tena zile shingo tatu, akazipanga juu ya paja lake.

"Mwanangu, nani kachinja hawa?"

"Ni mimi, mzee. Lakini walikuwa washakufa. Nilitaka tu arbab asikufute kazi."

"Nyama yao iko wapi?"

Nikamwambia imo sufuriani, imeshachanganyika. Nikamsihi. "Mzee, nyamaza tu. Wacha wale, wafurahi, waende zao. Nani atajua?"

"Mie n'najua," akasema. "Na wao wameniamini mie."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata mahali pa kushikia, ningejibu, tungegombana yakaisha. Alinawa mikono taratibu, akateremsha kanzu yake hadi chini, akaketi kungoja. Nilijua hofu imemjaa, maana alilolijua yeye nililijua na mimi: akifungua kinywa, unga wake umemwagika.

Waliporudi wakaketi kwenye zulia. Mimi nilishika birika la kunawia. Mzee akasogea, akasimama mbele ya arbab, akasema kwa Kiarabu ambacho hata mimi nilikielewa.

"Nisamehe, arbab. Chakula hiki msikile. Kimeingia kibudu, na macho yangu hayakukiona."

Kila neno lilikuwa kweli, na katika maneno yote mimi sikuwamo. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema ni mimi, na pengine ningepandishwa ndege ya kwanza kurudi Nairobi, na yeye angebaki na kazi yake. Badala yake nilimmiminia maji mgeni aliyekuwa ameshanawa. Aliniangalia kwa mshangao, akairudisha mikono yake.

Arbab naye hakufoka. Alisema "khalas" mara moja, akatazama pembeni. Wageni walikula mkate na samaki wa kopo. Shimo la kufukia chakula nililichimba mwenyewe, na wali ulikuwa bado unatoa moshi.

Wiki iliyofuata arbab aliniita ofisini, Al Rigga. Akaniambia mchinjaji atamleta mwingine, lakini mimi nina macho na nakijua kinamasi, kwa hiyo wageni nitawaongoza mimi. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nataka niliseme hili bila kulipaka sukari: nilifurahi. Nilipotoka nje nilisimama njiani nikajiona mtu mbaya, kisha nikaenda kununua viatu.

Mwezi wa tatu niliwapeleka uwanja wa ndege, mzee na mkewe. Mama alikaa nyuma katikati ya mabegi, akitazama dirishani. Mzee alikaa mbele kando yangu. Sikuwa nimemwambia kwamba kazi yake ya kuongoza nimepewa mimi, na arbab hakuwa mtu wa kuwaeleza watu mambo. Tulipovuka daraja mzee akaanza kuzungumza, uso umeelekea mbele.

"Dimbwi kubwa, upande wa kaskazini, usimpitishe mgeni maji yakishajaa. Juu pakavu, chini hamna kitu. Mpitishe kushoto, uhesabu mikoko minne, ndiyo ukate. Upepo ukitoka baharini, bata watakuja nyuma yenu, wageuze wageni mapema. Na usiwaache wafyatue kuelekea ng'ambo ya mikoko, ndege wakianguka kule hamuwawahi."

"Ndiyo, mzee," nikawa naitikia. "Ndiyo, mzee."

Akaniuliza kama nimeshika. Nikasema nimeshika.

"Basi rudia," akasema, na mimi nikarudia yote, kuanzia dimbwi kubwa, hadi tukafika.