Hotuba Yangu kwa Wazee wa Newala

Ndugu zangu, mwezi uliopita nilijivua nguo mbele ya watu, tena bila kusukumwa na mtu.

Mimi ni mwalimu Masasi. Baba aliishi peke yake Newala, na alipofariki, wosia wake ulinitaja msimamizi wa mirathi. Aliagiza korosho za shamba lake la Makote ziuzwe, na fedha zote zipewe kituo cha wazee kilicho jirani na nyumba yake. Nikajiambia, kumbe Baba alikuwa mfadhili wa kimyakimya. Kichwa kikanivimba. Nikashonesha suti, nikakodi mpiga picha, nikapanda mlima kupeleka sadaka.

Wazee walikusanyika barazani. Niliwaamkia, kisha nikahutubia. Nilisema Baba alikuwa akiwalisha, na kwamba mkono huo wa kutoa ametuachia sisi wanawe. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Josefu, mlezi wa kituo, aliinamisha uso.

Mzee mmoja aliyekaa mbele akaniuliza taratibu, "Wewe ni nani wake hasa?"

"Ni mwanawe wa kwanza, Mzee."

"Pole, mwanangu. Marehemu hakuwa akitulisha. Yeye ndiye aliyekuwa akija hapa mchana kula ugali wetu, tangu alipofiwa na mkewe. Alikuwa akisema ipo siku atalipa."

Yule mzee akanitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko tusi.

"Ila alituambia hakujaliwa mtoto."