Jiwe la kusagia nililoliosha kule Nambis

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Hiki kisa ni changu mwenyewe na sijakitia chumvi.

Mimi kwetu ni Daudi, huku Mbulu. Mwaka jana watafiti wa mambo ya kale walikuja kuchimba Nambis, nikapata kibarua. Msifikiri ni kuchimba kama viazi. Unakwangua udongo kwa kijiko na brashi kutwa nzima, na ukiwa na haraka unarudishwa nyumbani.

Siku ya nne nikakuta jiwe la kusagia, lile dogo la kushika mkononi.

Wakuu, nililigeuza mkononi. Pembeni lilikuwa limelika, kidole gumba kinaingia chenyewe. Mama yangu alikuwa na la hivyo hivyo la kusagia ulezi, na alifariki mwaka juzi. Nilimkumbuka vibaya sana.

Sasa kwetu chombo cha jikoni hakipewi mgeni kikiwa kichafu. Mama alitulea hivyo, na ukimpelekea mgeni kikombe chenye vumbi utajuta. Nikachota maji, nikasugua lile jiwe mpaka likatakata, nikampelekea dada mmoja, mtaalamu wao, kwa mikono miwili.

Akaniangalia. "Kaka, umeliosha?"

Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba kwenye vitundu vya jiwe hubaki chembe za nafaka, miaka na miaka. Wangezipima wangejua wale watu walikula nini. Mimi nimezimwaga na maji ya ndoo.

Aibu ilinishika, ila akili ikaruka hadi nyumbani Daudi. Jiwe la mama si lipo bado jikoni, na unga wake wa mwisho?

Nikampigia mdogo wangu wa kike anayeishi pale nyumbani. Akaniamkia, nikaitikia haraka haraka.

"Lile jiwe la mama usilioshe."

"Nilishaliosha, kaka. Siku ya kumaliza matanga. Wageni walikuwa wengi, nikaona aibu."

Sikumlaumu. Tumelelewa na mama mmoja.

Siku hizi nikifika Daudi nakaa jikoni, naweka gumba langu pale alipoweka lake. Lile la Nambis lilinienea vizuri. La mama halinienei, alikuwa na mikono midogo.

Nilichojifunza: mtu wenu akiondoka, msikimbilie kuosha kila kitu.

Haya, nyie kwenu kuna kitu gani bado hakijaoshwa? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.