Kioo cha Saa ya Danieri

Vasta alirithi meza ya kutengeneza saa pale sokoni Bwera mwaka ule mto Nyamwamba ulipofurika. Mumewe Danieri alikuwa amekwenda Kilembe kuchukua saa mbovu za wachimbaji, akifuatana na rafiki yake Tumukunde. Tumukunde alirudi peke yake, nguo zimelowa, akalia kuwashinda wafiwa.

"Maji yalimbeba nikiona, shemeji. Yeye, mfuko wake, hata saa ya mkononi."

Mwili ulipatikana kwenye matete, mkono mtupu. Vasta alimshukuru Tumukunde kwa kumletea habari, akampa koti la marehemu. Hilo koti ndilo lililokuja kumchoma kuliko yote.

Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1974, Philippe, Mkongo aliyekuwa akiuza vitenge, alimwekea saa mezani. Kioo chake kilikuwa kimekwaruzika vibaya, mishale ikionekana kwa shida.

"Mama Vasta, unitengenezee hii. Mwenye yake ni Tumukunde wa Kinyamaseke. Alisema niipeleke kwetu Butembo, eti mafundi ya kule beko wazuri. Lakini mi sina wakati, na weye uko hapa karibu."

Vasta aliipindua saa mkononi. Kwa nini Butembo, na yeye fundi yupo hapa?

"Niachie," alisema.

Kioo kilikuwa cha plastiki, hakikupasuka. Akakisugua kwa msasa laini uliolowa, kisha kwa kitambaa na dawa ya meno, akizungusha kidole polepole. Ukungu ulianza kuondoka. Ndani, kwenye uso wa saa, chini ya namba sita, zikatokea herufi mbili ndogo zilizochorwa kwa ncha ya sindano: D.B. Danieri Bwambale. Vasta alikuwepo siku mumewe alipozichora, akamcheka kwa majivuno yake.

Hakulia. Alichovya tena kitambaa akaendelea kusugua hata baada ya mikwaruzo yote kwisha. Alitaka kila mtu azisome bila kukaza macho.

Philippe aliporudi, Vasta alimwambia, "Hii nitaipeleka mwenyewe."

Jumapili alikwenda Kinyamaseke na Baluku, mdogo wake Danieri. Wakasimama mlangoni mwa kanisa. Watu walipotoka, Tumukunde akatokea katikati yao, akiwaamkia huku na huku.

"Shemeji!" alisema. "Leo umetukumbuka."

"Nimekuletea saa yako. Nimeking'arisha kioo. Hebu tusomee kilichoandikwa humo."

Tumukunde aliipokea, akaitazama.

"Nilinunua kwa mutu wa Kongo," alisema mwishowe.

"Uliniambia ilikwenda na maji. Uliona kwa macho yako. Danieri alikuwa hai ulipomvua, au alikuwa amekufa?"

Baluku alimpokonya Tumukunde saa, akampelekea katekista, naye akazisoma herufi kwa sauti. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Tumukunde alirudi nyuma hatua kwa hatua, kisha akageuka akakimbia. Walimfukuza hadi barabarani, lakini akawapotea mashambani. Kesho yake habari zikaja kwamba amevuka daraja la Mpondwe kuingia Kongo.

Mkewe Ramula alikuja Bwera kupiga magoti. "Mumusamehe, mama. Watoto wanateseka."

"Watoto walete, watakula kwangu," Vasta alijibu. "Yeye arudi aseme mume wangu alikufaje."

Hakurudi. Mwaka uliofuata mama yake Tumukunde alifariki, naye Tumukunde akatuma mtu kwa Vasta kuomba ruhusa ya kuja kumzika mzazi wake. Wazee walimbembeleza Vasta. Hata Baluku alisema sasa yatosha.

"Aje," alisema Vasta. "Atatukuta, mimi na mapanga ya ukoo wa Danieri."

Siku ya mazishi alibeba kuni kichwani akazipeleka msibani kama majirani wengine, akamsaidia Ramula kupika. Kisha akachagua mahali pa kukaa, pembeni, panapoonyesha barabara itokayo darajani. Wimbo ukaimbwa, kaburi likafukiwa. Vasta hakuinamisha kichwa hata wakati wa sala. Macho yake yalikuwa barabarani, akimwomba Mungu amtie Tumukunde ujasiri wa kuja.