Kidoti Kati ya Makundi Mawili

Habari ilinikuta sokoni Musoma nikibishania bei ya sato: yule mtafiti wa Butiama, mchora protini, amefariki. Nikamlipa mwuzaji bei aliyoitaka. Wanaonijua watapima wenyewe uzito wa msiba huo.

Tulifahamiana mnada wa ng'ombe Bunda, enzi zangu za udalali, yeye akija kuchukua damu ya mifugo. Alichunguza ndigana kali, ugonjwa wa kupe uliomaliza zizi la baba yake: kimelea kikishaiteka seli ya ng'ombe, protini ipi inashikana na ipi? Siku moja alinifungulia kompyuta kwenye meza ya mama lishe. Vidoti na mistari, kila kidoti protini, kila mstari protini mbili zinaposhikana, vimesokotana kama wavu uliopitiwa na kiboko.

"Dada, hapa kuna nini cha kuona?"

"Hakuna, kaka. Ndiyo maana nimechora upya."

Katika mchoro wa pili alikuwa amefuta mistari yenye ushahidi dhaifu, akapanga kila protini mahali inapokaa ndani ya seli. Yakajitokeza makundi mawili. Uwezo wake ulikuwa jaribio moja tu, kuzima protini moja. Akikosea, utafiti unafungwa. Akaniuliza ningechagua ipi. Nikahesabu mistari, nikarudia, nikaonyesha kidoti chenye mingi kuliko vyote.

"Wewe na bosi wangu mmesoma darasa moja," akacheka. "Huyo anasalimiwa na kila mtu, basi. Mtazame huyu wa katikati: mistari michache, lakini habari ya kundi hili haifiki kule bila kupita kwake."

"Huyo ni dalali."

"Eeh! Akiondolewa mnadani?"

"Mnada unakufa."

"Basi ndiye ninayemzima."

Nilikuwaga natishiwa na wengi, lakini si kwa furaha namna ile.

Akaizima. Seli zilizotekwa zikaacha kuzaliana. Simu yake ilianza na vigelegele: "Kaka, mnada umekufa!" Dawa haijafika zizini bado, ila wenzake sasa wanaanzia kwenye kidoti kile.

Mazishini nilitarajia wafugaji kivyao, watu wa maabara kivyao. Nikamsikia mzee wa Suguti akimwita mtafiti kijana: "Mwanangu, damu ya ng'ombe wangu imesemaje?" Wakaketi sinia moja.

Sisi madalali tulikula kwa kuhakikisha pande mbili hazijuani. Yeye alikaa katikati akazijulisha. Kwenye mchoro wake, wa katikati akiondoka, makundi yanaachana. Yule wa Butiama ameondoka, na makundi bado yameshikana. Nimehesabu mara mbili.