Kuni za Mtu wa Eda

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu iliwaponza watu ambao hawakunikosea kitu.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, kila mwenye cheti cha shule akiota kazi Afungi, kulikopangwa kujengwa kiwanda chake. Nilikuwa nimesoma Pemba, hii yetu ya Msumbiji, Kireno changu kizuri, nikajiona nimeshafika. Nilichopata kwanza ni kibarua cha siku kumi: kuzunguka vijijini na mizani ya kuning'iniza, kupima kuni ambazo kila nyumba inachoma kwa wiki.

Mtaalamu aliyetoka Maputo alitueleza sababu. Nchi yetu itaahidi mbele ya dunia kupunguza moshi wake, na kuna watu kazi yao ni kujumlisha ahadi za nchi zote, wakisie hewa itachafuka kiasi gani huko mbele. Lakini utapunguzaje kitu ambacho hujui leo ni kiasi gani? Kwa hiyo kila fomu ilikuwa na visanduku viwili, mínimo na máximo, kimoja cha kiasi kidogo kabisa na kingine cha kikubwa kabisa.

"Msione haya kuziachanisha hizo namba," alisema. "Hata gesi yenyewe hatujui itaanza kutoka lini, na kwenye hesabu tumeiachia nafasi pana."

Akaongeza kwamba vijiji vinavyochoma kuni nyingi ndivyo vitakavyotangulia kupewa majiko mapya, yale yanayokula kuni kidogo na yasiyojaza moshi jikoni. Niliyasikia yote hayo kwa masikio yangu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Siku niliyofika kijiji cha kwa mama yangu ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, na wanawake wote wako miambani wanatafuta pweza. Nilipita nyumba hadi nyumba, milango imefungwa kwa kamba. Niliyemkuta ni mama mdogo peke yake, kwa sababu alikuwa eda. Mumewe alifariki mwezi mmoja nyuma, naye hatoki, anashinda ndani na kaniki yake. Kuni aliletewa na majirani, kifurushi kidogo kila baada ya siku kadhaa.

Nikakitundika kifurushi kile kwenye mizani.

"Usiandike hicho, mwanangu," akasema. "Hicho cha mtu wa eda, napika uji wangu peke yangu. Wangoje wenzangu. Wale wanabanika samaki wa kuuza, wanazila kuni wale!"

"Watarudi saa ngapi?"

"Maji yakianza kujaa."

Nimngoje nani mimi! Gari la mradi lilikuwa linaondoka saa nane, nami nilitaka kuwahi mjini Palma kabla haijafungwa ofisi ya kupokea barua za kuomba kazi. Nikamwambia asijali, nitarekebisha. Kisha nikakaa barazani kwake nikajaza fomu za kijiji kizima kwa kifurushi kile kile. Kwenye mínimo nikaandika uzito wake, kwenye máximo nikaurudia ule ule. Niliona nikiziachanisha nitaonekana sijui kazi. Mtaalamu alizipekua juujuu, akanisifu kwa mwandiko safi. Kazi ya Afungi sikuipata.

Siku hizi redioni wakubwa wakibishana ahadi za nchi zote zikijumlishwa zitatufikisha wapi, huwa nazima. Najua ndani ya jumla ile kuna uji wa mjane uliogeuzwa kuwa kijiji. Na sidhani kama ni mimi peke yangu niliyekaa kwenye baraza la mtu nikabuni.

Mwaka mmoja baada ya kupima, nami nikiwa nimerudi kukaa kijijini kwa mama, tuliitwa mkutanoni. Mama mdogo alikuwa ameshatoka eda, amerudi kwenye vichanja vyake vya samaki, macho mekundu na kifua kinambana. Katibu wa kijiji akasoma karatasi: majiko yanakwenda vijiji vingine, sisi hapa tunachoma kuni kidogo sana.

Wanawake wakalipuka. "Nani kasema tunachoma kidogo?"

"Imeandikwa mlipimwa."

"Katupima nani? Sie hatujapimwa!"

Niliinama nikaanza kuchuna ukindu wa mkeka. Mama mdogo, aliyekuwa amekaa nami mkeka mmoja, akasimama.

"Nilipimwa mie," akasema. "Nyie mlikuwa pwani. Nikasema kuni zetu ndizo hizo. Kosa langu."

Mmoja akafyonza. Mwingine akamwuliza nani alimtuma kuwasemea wenzake. Hakunitazama hata mara moja. Tangu siku ile hakuna aliyempitia tena kwenda kukata kuni. Alikwenda peke yake, na kurudi peke yake, mpaka nguvu zilipomwishia.

Lakini siku ile, mkutano ulipovunjika, tulitembea pamoja mpaka kwake. Mlangoni akaniuliza kama nimekula.